Bacalhau ya Wareno: siku tatu za maji, robo saa ya moto

Anayekuletea bacalhau kutoka Lisbon hukuletea kitu kinachofanana na kipande cha ubao: samaki aliyepasuliwa, akatandazwa umbo la pembetatu, mkavu, mgumu, mwili mzima chumvi. Mpishi wa pwani akimwona atasema mara moja, huyu ng'onda. Ni kweli, na kosa linaanzia hapo hapo. Papa ng'onda tunamchemsha, tunamwaga maji, tunamchemsha tena, ndipo tunamtia kwenye nazi. Bacalhau ukiifanyia hivyo utabaki na nyuzi ngumu kama kamba, na chumvi ikiwa bado imo ndani. Wareno hufanya kinyume: kazi yote iko kwenye maji baridi, na moto huja mwisho kabisa.

Jina hutamkwa karibu na "bakalyau". Wenyewe humwita pia fiel amigo, yaani rafiki mwaminifu, na husema kuna njia 1001 za kumpika. Hapa tutashika nne tu, tena moja kati ya hizo ni ya kumalizia viporo.

Samaki asiye wa bahari yao

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba samaki huyu, cod kwa Kiingereza, Gadus morhua kwa jina la wataalamu, hayupo katika bahari ya Ureno. Ni samaki wa maji baridi ya kaskazini: Norway, Iceland, Greenland, Newfoundland. Ureno ina dagaa wa kila namna pwani yake, lakini chakula chake cha heshima, cha mkesha wa Krismasi, hutoka maelfu ya kilomita. Ni sawa na Mzanzibari kutundika sangara wa Ziwa Viktoria juu ya sahani ya Idi.

Sababu ni mbili, Kanisa na chumvi. Wakatoliki walikuwa na siku nyingi katika mwaka za kutokula nyama, Kwaresima nzima ikiwemo, na wengi waliishi mbali na bahari. Samaki huyu ana mafuta kidogo sana kwenye minofu yake, mafuta yake yote huyaweka kwenye ini. Kwa hiyo ukimtia chumvi na kumkausha hachachi kwa urahisi kama samaki wa mafuta. Anasafiri juu ya punda wiki nzima na hana neno.

Gaspar Corte-Real alisafiri hadi upande wa Newfoundland miaka ya 1500 na 1501, na kufikia 1506 Mfalme Manuel wa Kwanza alikuwa tayari anataka zaka ya samaki waliotoka huko. Ni mfalme yule yule aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Biashara hiyo ya samaki ilififia baada ya Ureno kuingia chini ya taji la Uhispania mwaka 1580, na kwa muda mrefu Wareno wakala bacalhau waliyonunua kwa wavuvi wa mataifa mengine, hasa Waingereza.

Karne ya 20 ndiyo iliyoifanya bacalhau kuwa chakula cha taifa kwa maana halisi, na haikuwa bahati. Serikali ya dikteta Salazar iliunda mwaka 1934 tume ya kusimamia biashara yake, ikajenga meli, ikapanga bei, ikawapanga wavuvi. Kila masika meli ziliondoka, zikarudi baada ya miezi kama sita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilipakwa rangi nyeupe ili manowari zijue kwamba ni za nchi isiyoshiriki vita, na jina la Msafara Mweupe likabaki. Kutoka kwenye meli, kila mvuvi alishushwa peke yake ndani ya kiboti cha mbao, dóri, na mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana, katikati ya ukungu na vipande vya barafu. Mataifa mengine yalikuwa yameuacha uvuvi huo. Wareno waliendelea nao hadi 1974.

Mbona kijana akubali? Sehemu ya jibu ni kwamba misimu ya bacalhau ilihesabiwa badala ya kwenda jeshini, na kuanzia 1961 jeshini maana yake ilikuwa vita vya Angola na, baadaye, Guinea-Bissau na Msumbiji. Anayekula bacalhau bila kujua hilo anakula nusu ya samaki. Mapinduzi ya Aprili 1974 yalimaliza vita hivyo. Mwaka 1977 Kanada ilifunga bahari yake hadi maili 200, na mwaka 1992 ikasimamisha uvuvi wa samaki huyo Newfoundland kwa kuwa alikuwa karibu kwisha. Leo sehemu kubwa ya bacalhau ya Ureno hununuliwa Norway na Iceland. Ukifika Ureno, meli ya hospitali ya wavuvi hao, Gil Eannes ya mwaka 1955, imeegeshwa Viana do Castelo kama makumbusho, na mji wa Ílhavo una makumbusho ya bahari yenye tangi la samaki hawa wakiwa hai.

Kununua

Soma kibandiko kabla ya kitu kingine chochote. Kama hakuna maneno Gadus morhua, unauziwa ndugu yake. Wapo wengi waliokaushwa kwa namna ile ile: paloco, escamudo, maruca. Si sumu, wanalika, ila nyama yao haiachani vipande vipande kama kurasa za kitabu, na hiyo ndiyo raha yote ya bacalhau. Gadus macrocephalus wa Pasifiki pia anaruhusiwa kuitwa bacalhau. Nyama yake ni nyeupe zaidi na kavu zaidi, anafaa kwa vyakula vya kuchambua.

Madaraja huenda kwa uzito wa samaki mzima mkavu. Miúdo ni chini ya nusu kilo, corrente ni nusu hadi kilo 1, crescido kilo 1 hadi 2, graúdo kilo 2 hadi 3, na zaidi ya hapo ni especial. Kwa jiko la nyumbani, crescido inatosha. Especial ina mapande mazuri mno, lakini kuiloweka kunataka subira na jokofu kubwa.

Kisha tumia macho, mkono na pua:

– Rangi iwe ya maziwa ya mgando au ya majani makavu, si nyeupe pe. 
– Mshike mkiani umwinue akiwa mlalo. Akining'inia kama kitambaa, bado ana maji mengi na unanunua maji kwa bei ya samaki. Bacalhau kavu kisheria haizidi asilimia 47 ya unyevu.
– Madoa ya waridi au mekundu ni bakteria wapendao chumvi. Mrudishe. Vidoadoa vya kahawia kama pilipili manga iliyosagwa ni ukungu. Mrudishe pia.
– Harufu ya bahari na chumvi ni sawa. Harufu kali ya mkojo si sawa.

Nyuma ya duka kuna msumeno wa umeme, na muuzaji hukata bure au kwa pesa kidogo. Mwambie akukatie posta (kwa Kireno posta ni pande la samaki, usitafute stempu) za upana wa vidole vinne hadi vitano. Omba ukanda wa katikati, lombo, ukae peke yake. Mkia na mabawa ya tumboni, abas, viwe mfuko mwingine. Hili si pambo: sehemu nene na nyembamba haziloweki kwa muda mmoja, na aliyezitia zote kwenye bakuli moja hupata mkia usio na ladha na pande lenye chumvi siku ile ile.

Nyumbani, bacalhau kavu iweke jokofuni, imefungwa kwa karatasi au kitambaa. Kwenye joto na unyevu wa pwani zetu, kabatini itavuta maji na kuanza kuota waridi. Kwa kuning'inizwa jikoni, Ureno kaskazini wakati wa baridi inawezekana; Tanga haiwezekani.

Kuloweka: hapa ndipo penye kazi

Samaki huyu ana karibu moja ya tano ya uzito wake chumvi tupu. Ukimweka kwenye maji, chumvi hutoka na maji huingia, mpaka ukali wa maji ya nje ulingane na wa ndani. Vikishalingana hakuna kinachotembea tena, hata ukimwacha wiki. Ndiyo maana kubadilisha maji ni muhimu kuliko saa zenyewe.

Anza kwa kumsugua chini ya bomba, chumvi ya juu itoke yote. Chukua chombo kikubwa cha plastiki au kioo, si sufuria ya alumini. Weka chini yake wavu mdogo au sahani iliyofunikwa kifudifudi, ili chumvi inayozama isikae inamgusa samaki. Panga mapande ngozi ikiwa juu. Ngozi ni ukuta. Ikiwa chini, nyama inatazama juu na chumvi, ambayo ni nzito, inabaki imeikalia. Ngozi ikiwa juu, chumvi inadondoka yenyewe.

Mimina maji baridi, lita 4 hadi 5 kwa kila kilo, yamfunike vizuri. Funika chombo, tia jokofuni. Mkia na mabawa wape saa 24, mapande ya kawaida saa 36 hadi 48, na lombo nene ya samaki mkubwa saa 60 hadi 72. Badilisha maji kila baada ya saa 6 hadi 8. Ukilazimika kuruka zamu, ruka ya usiku wa mwisho, si ya siku ya kwanza, kwa sababu chumvi nyingi hutoka mwanzoni. Kila ukibadilisha, suuza chombo na geuza nafasi za mapande. Ya juu yaende chini.

Kwa nini si maji moto? Joto hukaza protini za juu, na zikishakaza zinafunga mlango: chumvi ya ndani haitoki tena na maji hayaingii. Maji ya uvuguvugu nayo yana ubaya wake. Chumvi ikishapungua, kinachomlinda samaki kimeondoka, na jikoni penye nyuzi 30 ataanza kuteleza na kunuka kabla hajalowa katikati. Vitabu vya Kireno vinavyosema "acha juu ya meza usiku kucha" vinazungumzia Desemba ya huko, jiko la mawe lisilo na moto. Asiye na jokofu anunue mkia na vipande vyembamba tu, atumie kasha la barafu, na apike ndani ya siku moja. (Meza na kasha ni maneno tuliyoyachukua kwa Wareno hao hao, pamoja na kopo na pipa. Wameacha bendera na gereza pia, lakini hizo si za jikoni.)

Namna ya kujua kama tayari: chomoa kinofu kutoka katikati ya pande nene kuliko yote, kitafune, kiteme. Usionje pembeni, pembeni hudanganya. Unatafuta chumvi ya chakula kilichokwisha kolea, si zaidi. Ikizidi, ongeza saa 6 na maji mapya. Ikiwa haina chumvi kabisa, umepitiliza; hilo linatibika kwa chumvi kidogo kwenye maji ya kupikia, ila ladha haitakuwa ile. Mpishi mwenye haraka, aliyegundua saa ya mwisho kwamba chumvi bado kali, huweka mapande kwenye maziwa baridi saa 1 au 2. Inasaidia kidogo, wala si muujiza.

Samaki akilowa huongezeka uzito, robo hivi. Mkaushe kwa kitambaa. Jokofuni anakaa siku 2 tu. Kama hutapika, mfungie kila pande peke yake kwenye friza. Familia nyingi za Kireno huloweka samaki mzima mara moja na kugandisha, basi.

Ya mkesha wa Krismasi

Consoada ni mlo wa usiku wa tarehe 24 Desemba, na katika nyumba nyingi sahani yake ni hii, bacalhau com todos, "pamoja na wote". Ni samaki wa kuchemsha na mboga za kuchemsha. Mgeni hushangaa: sherehe gani hii ya vitu vya kuchemsha? Lakini asili yake ni siku ya kujinyima nyama. Waendao misa ya usiku wa manane, inayoitwa Misa ya Jogoo, walikuwa bado ndani ya mfungo.

Kwa watu 6: mapande 6 ya gramu 200 hadi 250 kila moja yakiwa yamelowa, viazi mviringo kilo 1.2, karoti 4, mayai 6, dengu za duara gramu 300 zilizolowekwa usiku kucha, na mboga ya majani. Mboga yao ni couve, ndugu wa karibu wa sukuma wiki. Tumia sukuma wiki bila wasiwasi, majani mazima yasiyokatwakatwa, au kabichi iliyopasuliwa mapande manne.

Dengu zianze kwanza, zinataka saa nzima au zaidi. Viazi na karoti vichemshwe na maganda yake, mayai dakika 10. Samaki mwachie mwisho. Chemsha sufuria pana ya maji bila chumvi. Yakishatokota, shusha moto hadi maji yatetemeke tu, yasirukeruke, ingiza mapande, funika. Pande la kawaida huchukua dakika 8 hadi 10, nene 12 hadi 15. Bonyeza kwa uma: nyama ikifunguka kama kurasa na katikati si ya kioo tena, mtoe. Ukiona povu jeupe jingi na nyama imesinyaa kuiacha ngozi, moto umekuwa mkali na umechelewa. Usimwage maji hayo. Ndimo mboga ya majani inapochemshwa, dakika 5 hadi 8.

Mafuta ndiyo mchuzi wenyewe. Mililita 200 za mafuta ya zeituni mazuri, punje 4 za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba, moto mdogo, hadi kingo za saumu ziwe za dhahabu. Zikifika kahawia zimeungua na mafuta yamekuwa machungu, anza upya. Pakua kila kitu, mimina mafuta juu, siki iwe mezani kwa anayetaka. Usipunguze mafuta kwa kuona ni mengi. Samaki huyu hana mafuta yake.

Ya Porto

Bacalhau à Gomes de Sá ina mwenyewe anayejulikana: José Luís Gomes de Sá, mtu wa Porto, wa familia ya wafanyabiashara wa bacalhau, aliyefariki 1926. Kinachoitofautisha na sahani zote nyingine ni maziwa, na wengi siku hizi huyaruka, kisha wanalalamika kuwa ni viazi na samaki tu.

Gramu 500 za samaki aliyelowa ziweke kwenye bakuli, mwagia maji yanayotokota, funika kwa blanketi au taulo nene kwa dakika 20. Toa ngozi na miiba, chambua vipande vikubwa kiasi cha kidole gumba, usivifanye unga. Vitie kwenye chombo cha kina, mimina maziwa ya moto yafunike, acha saa moja na nusu hadi mbili. Wakati huo chemsha viazi nusu kilo na maganda, vimenye, kata unene wa sentimita 1. Kaanga vitunguu maji 2 vilivyokatwa duara na punje 1 ya kitunguu saumu ndani ya mililita 150 za mafuta ya zeituni kwa moto mdogo, dakika 15, vilainike bila kuungua. Changanya viazi, kisha samaki aliyechujwa maziwa. Geuza taratibu kwa mwiko mpana. Hamishia kwenye bakuli la oveni, nyuzi 200, dakika 10 hadi 15. Juu yake mayai ya kuchemsha yaliyokatwa, zeituni nyeusi, na salsa, jani linalofanana na kotimiri. Kotimiri yenyewe Wareno wa kusini huila sana, kwa hiyo ukiiweka hujavunja heshima, umehama mkoa tu.

Ya Lisbon, ya haraka

Bacalhau à Brás hutumia mkia na mabawa yale uliyoyatenga. Gramu 400, zichambuliwe mbichi hadi nyuzi nyembamba. Viazi nusu kilo vikatwe vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, vikaangwe hadi vikauke. Vitunguu 2 vikilainika kwenye mafuta ya zeituni, ingiza samaki dakika 3 au 4, kisha viazi, na mara moja mayai 6 yaliyopigwa. Zima moto mayai yakiwa bado yanateleza. Joto la sufuria litamaliza. Ukingoja yakauke jikoni, mezani yatakuwa makombo. Na usitie viazi mapema, vitalegea kama chipsi za jana.

Ya tarehe 25

Kiporo cha Consoada kina jina lake, roupa velha, yaani nguo kuukuu. Kwa sababu hiyo wenye akili hupika mapande mawili ya ziada tangu jana yake. Toa miiba, kata viazi, karoti na majani vipande vya kawaida, mayai pia. Mafuta ya zeituni kiasi cha kufunika chini ya kikaango, saumu punje 3, kisha vyote kwa pamoja. Geuza mara mbili au tatu tu, uache sehemu nyingine zishike rangi chini. Kijiko 1 cha siki mwishoni, funika dakika 2, pakua. Dengu zilizobaki ziingie pia, na ukiwa na pilipili yako ya kichaa, iweke; Wareno nao wana yao, huiita piri-piri, na hawatakuuliza umeitoa wapi.